Nimemkataza mkwe wangu kazi zote, sasa amenuna

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe ana miaka 71. Tangu tumtoe Tukuyu aje kuishi nasi hapa Uyole, nimemkataza kazi zote, hata kufagia. Magoti yanamsumbua, na mawifi zangu wakimkuta na jembe watasema namtumikisha. Lakini mama amenuna, usiku hapati usingizi, na siku hizi akiinuka kwenye kochi anayumba. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Unamheshimu mkweo, hilo halina ubishi. Ila kukaa huko kutwa kunamdhoofisha.

Mtu aliyelima migomba na kupanda vilima vya Rungwe miaka yote, ukimkalisha ghafla, misuli ya mapaja inalegea upesi, na kwa umri wake kuirudisha ni kazi. Misuli hiyo ndiyo inayolisaidia goti kubeba mwili. Ikilegea, maumivu yanazidi na miguu inakosa nguvu. Mimi hapo naogopa kuanguka, maana wazee wengi wakishavunjika nyonga hawatembei tena kama zamani. Hata usingizi humjia vizuri zaidi mtu aliyeshinda akijishughulisha.

Kwanza mpeleke kituo cha afya apimwe presha, sukari na macho, na ubebe dawa zake zote wazione, kwa sababu kuyumba kunaweza kutokana na dawa.

Wakimruhusu, chukua kiti kigumu cha mezani, kiegemeze ukutani. Akae, akunje mikono kifuani, ainuke polepole, akae tena polepole. Akishindwa, ajisukume kwa mikono mwanzoni. Hata mara tano zinatosha kuanzia. Halafu ashike nondo za dirisha, anyanyue mguu mmoja kidogo, ahesabu hadi kumi, abadilishe. Wewe simama karibu naye.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi. Kutembea hadi sokoni kumo, na kupalilia kumo. Juni na Julai, kwa baridi yenu hiyo, subirini jua lichomoze. Masika asitoke na kandambili kwenye utelezi.

Bustani mpe. Tuta la chainizi karibu na mlango liwe lake. Ndoo za maji na magunia ya viazi beba wewe. Kifua kikimbana, akipata kizunguzungu au pumzi ikikata, aache papo hapo mkamwone daktari.

Mawifi mwachie mumeo. Awapigie simu kabla hawajaja, awaeleze mlichoambiwa kituoni, na wakija watoke naye kutembea.

Lakini barua yako yote haina neno hata moja la mama mwenyewe. Kabla hujamkatia hilo tuta, kaa naye umuulize anataka kufanya nini.