Mradi wa sayansi likizo ya Juni: achana na balbu, nenda ghalani

Juzi kijana wa kidato cha tatu ameniandikia: "Kaka shikamoo, naomba wazo la mradi wa sayansi, uwe wa kushinda, mwalimu anataka majina tukifungua shule." Nilimjibu kwa kifupi, lakini baadaye nikaona bado nina mengi kifuani. Na kwa kuwa kila katikati ya mwaka swali ni hilo hilo, wacha niyamwage hapa.

Mimi ni mtu wa Ismani, Iringa. Nilipokuwa kidato cha tatu tulivuna vizuri, tukapukuchua, tukajaza magunia. Haukupita muda mrefu, ukiliinua gunia unamwagika unga. Ni dumuzi huyo, wengine humwita Skania. Si mdudu wa asili ya kwetu, katokea Amerika ya Kati, akagundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa nchi nzima akisafiri na magunia ya mahindi. Bibi yangu alikuwa akichanganya mahindi na jivu. Jirani yetu alitumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na kila mmoja aliapa kuwa dawa ya mwenzake ni bure. Waligombana kwa heshima, lakini waligombana. Nikasema nitawaamua.

Kuwaamua ni hivi, na nakueleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi mnaporuka. Chukua makopo 9 yanayofanana. Matatu weka mahindi matupu, matatu mahindi na jivu lililochekechwa, matatu mahindi na unga wa mwarobaini. Kila kopo gramu 200 za mahindi ya gunia moja. Majani yakaushe kivulini, maana azadiraktini, kemikali inayomsumbua mdudu, huharibiwa na jua. Mahindi yenyewe yalaze kwanza kwenye friza siku kadhaa ili kuua wadudu na mayai yaliyomo, kisha yaache yarudi kwenye joto la chumbani na yakauke. Usipofanya hivyo unahesabu wadudu usiowaweka wewe. Tia dumuzi 20 walio hai kila kopo, funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, weka yote mahali pamoja. Baada ya siku 7 hesabu waliokufa. Kisha subiri wiki sita, kizazi kipya kitoke, uhesabu tena, uchekeche unga na upime mahindi yaliyobaki.

Wiki sita! Ndiyo maana nasema Juni. Ukianza Septemba umechelewa, na mahindi mapya yenye wadudu wabichi yako nyumbani sasa hivi.

Kwangu mimi jivu la bibi lilishinda mwarobaini waziwazi. Jivu humkwaruza mdudu ngozi, maji yakamtoka, na huziba nafasi kati ya punje asipite. Niliandika yote kwenye jedwali, nikachora grafu kwa rula, nikapeleka shuleni.

Shule ikachagua mji wa maboksi wenye balbu zinazowaka. Saketi ya mfululizo, ile ile ya kitabuni, imepakwa rangi. Mradi wangu uliitwa "mambo ya bibi" mbele ya darasa zima, watu wakacheka. Miaka imepita, nami sasa ni mwalimu wa baiolojia, na bado nikiona balbu kwenye meza ya maonyesho moyo unanichoma. Mwaka jana wanafunzi wangu wawili walilirudia swali lile lile kwa mizani nzuri kuliko yangu, wakafika ngazi ya mkoa, na majaji wakawaganda mezani wakiuliza hili na lile. Nilisimama nyuma nimekunja mikono kama sihusiki. Nilihusika sana.

Kuchekwa hakukuanza na mimi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kujaribu. Makala yao ikatoka 1969, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu yake. Swali lilitoka kwenye sufuria ya maziwa, ndugu zangu.

Kwa hiyo vijana, tafuteni swali lenye namba ndani yake. Kama nyumbani mnakunywa maji ya tope, linganisheni mbegu za mlonge zilizotwangwa na maji yaliyoachwa tu yatuame, mpime yanavyong'aa saa kwa saa. Kama mama anauza juisi ya rozela, rangi ile hugeuka ikikutana na ndimu au magadi, mnaweza kupanga vimiminika vya nyumbani kwa ukali wake. Jiko lipi linachemsha lita 2 kwa mkaa mchache? Pimeni mkaa kabla na baada. Swali lenye namba, narudia, swali lenye namba.

Na wazazi mnaomlipa fundi amtengenezee mtoto mradi, mnamfundisha nini? Siku hizi kuna Young Scientists Tanzania tangu 2011, watoto wa sekondari za kata wanasimama Dar es Salaam na kazi zao. Jaji akimuuliza mwanao kwa nini makopo matatu na si moja, fundi hayupo.

Mizani ya maabara ikiwa mbovu, nenda kwa sonara mjini, yake inasoma hadi vipande vya gramu. Wahi asubuhi kabla wateja hawajajaa, vaa sare ya shule, na mahindi yawe kwenye mfuko uliofungwa vizuri, maana hakuna sonara atakayekubali dumuzi dukani kwake.