"Augustine si mimi": jina la askari linapopotoka kwenye karatasi

SWALI

Jambo Mzee. Mimi ni mtoto wa Pweto, sasa ninakaa Katuba. Vita vilipoingia Pweto Desemba 2000 nilikuwa na miaka 14. Tulivuka na mama hadi Zambia, tukapelekwa kambi ya Kala. Karani wa kule alipouliza jina la ukoo, mama alisema Kyungu. Yeye akaandika Chungu. Tarehe ya kuzaliwa mama hakuikumbuka vizuri, basi karani akaweka 1 Januari 1985. Mwaka 2007 tulipelekwa Marekani na majina hayohayo. 2009 niliingia jeshi lao la nchi kavu, 2013 nikatoka na goti bovu, na serikali yao inanilipa fidia ya asilimia 40. Tangu 2021 niko nyumbani, nauza vipuri vya magari.

Sasa nataka watoto wangu watatu waandikwe kwenye faili yangu kule. Nilipoitoa ile karatasi ya kutoka jeshini, DD 214, niliona mambo matatu. Wameandika Augustine, mimi ni Augustin. Wameandika Chungu, mimi ni Kyungu. Na tarehe ni 19850101, wakati kadi yangu ya ubatizo inasema 17 Septemba 1986. Rafiki ananiambia kuna mtu mjini anayeweza kunitengenezea cheti cha uzaliwa chenye Chungu na 1 Januari, mambo yaishe. Nifanye nini?

Askari wa zamani, Katuba, Lubumbashi

JIBU

Mwanangu, huyo mtu wa mjini usimpe hata franka moja. Cheti atakachokupa kitafanana na karatasi ya jeshi, lakini kitagombana na ubatizo wako, na shule yako, na vyeti vya watoto wako. Tena kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi mbele ya serikali kuu ya Marekani ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Una haki safi mkononi, usiitie doa.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu jambo hili lilipita nyumbani kwetu. Marehemu baba aliingia Force Publique, jeshi la Kongo la wakati wa Wabelgiji, mwaka 1957 kwa jina la Joseph. Mwaka 1960 jeshi likaitwa ANC, baada ya 1971 likaitwa FAZ, naye yumo ndani akivaa buti zilezile. Mwaka 1972 majina ya kizungu yalipokatazwa, kadi yake ya uraia ikapata jina la babu yake, lakini kitabu chake cha jeshi kikabaki na Joseph. Alipofariki 1988, mama alienda kudai haki yake kwenye ofisi moja, akaambiwa: "Huyu Joseph ni nani? Bwana wako ni mwingine." Miezi kumi na moja aliamka saa kumi, akapanga foleni na kiti chake cha miguu mitatu, akarudi jua kali bila kitu.

Kilichomwokoa ni namba. Siku moja nilikuwa nafungua kile kitabu taratibu, maana jalada lilikuwa limeanza kuachana na uzi, nikaona ndani yake namba ya matrikuli, yaani namba yake ya askari, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi ya zambarau. Nikaitafuta kwenye karatasi za mshahara za miaka ya mwisho, zile zenye jina jipya. Namba ni moja. Tulipeleka zote mbili pamoja na wazee wawili waliomjua kwa majina yote, na mama akalipwa. Mimi nikaenda kuwa karani wa mahakama, nikakaa huko miaka 26.

Turudi kwako. Makosa yako matatu si ndugu.

Augustine ni kosa la karani wa jeshi. Ulipojiunga ulisaini mkataba, wanauita DD 4. Kama kwenye mkataba ule jina ni Augustin, basi herufi hiyo moja iliongezwa siku ya kukutoa. Wao kwa Kiingereza wanaona Augustine ni jina la mwanaume, hawakushtuka. Huku kwetu, kwa Kifaransa, Augustine ni mwanamke, na ninaweza kuona uso wa karani wa komini akikutazama wewe, kisha karatasi, kisha wewe tena. Hili linasahihishwa. Omba kwanza nakala ya mkataba kwa fomu SF 180, inayokwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri. Itie saini kwa mkono. Ukiipata nakala, jaza fomu DD 149, ambayo ndiyo ya kuomba kumbukumbu za jeshi zisahihishwe. Hulipi kitu. Eleza kosa kwa sentensi mbili au tatu, ambatanisha nakala ya mkataba, na karatasi halisi zibaki nyumbani kwako. Usitegemee kupewa DD 214 mpya iliyopigwa chapa upya: kwa kawaida hutoa karatasi ya pili, DD 215, inayosema pale palipoandikwa hivi pasomeke hivi. Kuanzia siku hiyo karatasi hizo mbili ni kama mguu na kiatu, usitoe moja bila nyingine.

Kuna jambo la muda. Sheria yao inatoa miaka 3 tangu siku mtu alipogundua kosa, na wewe ulitoka 2013. Fomu ina sehemu ya kuuliza tarehe ya kugundua, na kwa nini maombi yaliyochelewa yasikilizwe. Usiiruke sehemu hiyo, wala usibuni. Andika kama ilivyo: ulisaini siku ya kutoka bila kusoma herufi kwa herufi, na umeona ulipotaka kuandikisha watoto. Bodi ya jeshi inayosahihisha kumbukumbu ina uwezo wa kusamehe kuchelewa pale haki inapodai. Ikifika kwa bodi, jiandae kungoja mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu.

Chungu ni habari nyingine. Ng'ambo ya Luapula Chungu ni jina la watu, karani wa Kala alisikia alichozoea kusikia. Lakini wewe mwenyewe uliingia Marekani kama Chungu, ukaapa uraia na utumishi kama Chungu. Machoni pa jeshi hapo hapana kosa: karatasi inaeleza mtu alivyojulikana siku alipotumikia, na bodi husita sana kubadilisha kumbukumbu ya namna hiyo. Ukipigana nao utapoteza miaka. Tena fidia yako ya goti iko chini ya jina la Chungu. Usilifute. Jenga daraja kati yake na Kyungu.

Tarehe ndiyo hivyohivyo. Wakongo wangapi kule Marekani walizaliwa 1 Januari! Najua nyumba moja ya Kampemba ambayo baba, mama na watoto wanne wote wana siku hiyohiyo kwenye karatasi. Ofisi yao ya uraia nayo ina kanuni: tarehe uliyoitaja mwenyewe wakati wa kiapo haibadilishwi kwa sababu tu baadaye umesema haikuwa sahihi. Iache. Septemba yako isherehekee nyumbani.

Daraja linajengwa hivi. Huku kwetu watoto hawabebi lazima jina la baba, kila mmoja anaweza kuwa na lake, kwa hiyo yule atakayefungua faili yako kule atasoma majina matatu asiyoyajua, na kwenye nafasi ya baba atakuta Kyungu. Wewe uliyezoea mambo haya huoni ajabu, yeye ataona mtu mwingine kabisa. Nenda mahakama ya amani na mashahidi wawili wazee waliokujua Pweto, kadi ya ubatizo na pasipoti yako ya Marekani, uombe uamuzi unaosema Kyungu na Chungu ni mtu mmoja. Utafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa. Kama kuna mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa, shughulikia pia hukumu ya mahakama ya kumpatia cheti.

Kisha jaza fomu 21-686c ya kuongeza wategemezi, ya ile ofisi inayokulipa fidia. Unayo haki hiyo, kwa kuwa nyongeza ya mke na watoto huanzia asilimia 30, na wewe una 40. Kwa sababu unaishi nje ya Marekani, weka nakala za vyeti vya watoto. Weka pia uamuzi wa mahakama na barua yako ya maelezo kwenye fomu 21-4138. Juu ya kila ukurasa andika namba yako ya usalama wa jamii. Hiyo ndiyo matrikuli yako, haikubadilika jeshini wala hapa Katuba.

Kitu cha mwisho: kadi ya chakula ya Kala. Kama mama yako bado anayo, ipige picha leo, mbele na nyuma, kabla unyevu haujaila. Inaonyesha Chungu akiwa mtoto wa mama huyohuyo ambaye ubatizo wa Kyungu unamtaja. Ile fomu SF 180 ya kuombea mkataba itume wiki hii, usingoje mahakama.