Luti ni udi? Majina ya ala na nyimbo za Ulaya ya kale

SWALI: Kwaya yetu inaandaa onyesho la muziki wa Ulaya wa miaka ya 1500, nami naandika kijitabu cha programu kwa Kiswahili. Ala ya Kiitalia iitwayo liuto nimeiita "udi", piffaro "zumari", na viola da gamba "fidla". Moteti na madrigali zote nimeziita "nyimbo". Tena nimeandika kwamba mwanamuziki mmoja "alicheza" liuto. Je, msamiati huu unafaa?

JIBU: Mwalimu, kwenye zumari umepatia kabisa. Piffaro ni bomba la mti linalopanuka kuelekea chini, na sauti yake hutokana na tete mbili zinazotetemeka mdomoni mwa mpulizaji. Zumari ya Lamu nayo ndivyo ilivyo. Miji ya Italia iliajiri vikundi vya wapiga piffaro kwa ajili ya maandamano na sherehe za nje, kwa kuwa ala hiyo husikika hata penye makelele. Iache hivyohivyo.

Udi una utata. Kwa ukoo huna kosa: jina liuto limetokana na al-ud ya Kiarabu, na ala yenyewe iliingia Ulaya kwa mikono ya Waislamu wa Hispania. Lakini kufikia miaka ya 1500 ilikwisha kuwa kitu kingine. Shingo ya udi ni laini. Ile ya liuto ilizungushiwa nyuzi za utumbo kuonyesha mahali pa kubana kidole. Udi hupigwa kwa unyoya au kipande cha plastiki. Wapigaji wa Ulaya walianza kuuacha unyoya mwishoni mwa miaka ya 1400 wakatumia vidole, ndipo mtu mmoja akaweza kupiga sauti tatu au nne zinazokwenda pamoja. Francesco da Milano (1497–1543) alisifika kwa ufundi huo. Ukiandika "udi", msomaji wa Zanzibar atasikia taarabu. Mimi ningeandika "luti", na inapotajwa mara ya kwanza ningeongeza "ndugu wa udi". Na asije mtu akakushauri gambusi, ala nyingine ya nyuzi: hilo tumbo lake huwambwa ngozi, si ubao kama la luti.

Fidla, hapana. Viola da gamba hubanwa katikati ya miguu (gamba kwa Kiitalia ni mguu), ina nyuzi sita, na shingo yake imefungwa alama kama luti. Fidla nayo ilikuwepo wakati huohuo, kwa hiyo ukizipa jina moja utazichanganya.

Upande wa misa usihangaike kubuni. Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo ndizo sehemu zilezile ambazo Palestrina, mtunzi wa Kiitalia wa zama hizo, na wenzake walizitungia muziki kwa sauti nyingi. Moteti pia ni ya Kilatini na ya ibada, ila maneno yake huchaguliwa nje ya hizo tano. Madrigali ni shairi, aghalabu la mapenzi na la Kiitalia, ambalo muziki wake hubadilika kufuata maneno: penye kilio sauti hushuka taratibu, penye kukimbia nazo hukimbia. Sisi tumezoea beti za tuni moja na kiitikio. Ukimwambia msikilizaji "wimbo wa mapenzi", atangoja kiitikio ambacho hakiji. Moteti na madrigali zibaki na majina yake, kila moja na maelezo ya mstari mmoja.

Sasa hilo "alicheza". Siku hizi hata watangazaji wanasema "anacheza gitaa", nami masikio huniuma. Ala hupigwa, hata zumari inayopulizwa. Na katika programu yako kosa hilo litaleta mkanganyiko hasa, maana zama hizo zilikuwa na pavana, ngoma ya polepole ya kutembea wawiliwawili, na galiarda, ya haraka na ya kurukaruka. "Walipiga pavana" ni wanamuziki. "Walicheza pavana" ni wageni waliokuwa ukumbini.