Nondo iko wapi? Maneno kwa vijana wa tangi la chumvi

Juzi nimemwona kijana wa mafunzo kwa vitendo akitoa gia kwenye maji ya kuoshea, akaikung'uta mara moja, akaanza safari nayo kwenda kwenye tangi la nitrati, yaani ile chumvi iliyoyeyushwa tunayopozea chuma chekundu, lililokuwa nyuzi 350. Nilipiga ukelele mpaka watu wa uchomeleaji wakachungulia. Akanijibu kwa adabu zote: "Lakini fundi, si imeshakauka?" Haikuwa imekauka. Tundu la skrubu, lile lisilotokeza upande wa pili, lilikuwa limejaa maji. Mchana huohuo, kwenye chakula, kijana huyohuyo alinieleza vizuri sana kinu cha nyuklia cha thoriamu cha Wachina kule Gansu, kile cha chumvi iliyoyeyuka kilichowashwa 2023. Nampenda kijana huyu. Ndiyo maana naandika.

1. Mnaogopa joto, ambalo halina hila. Ogopeni maji. Chumvi ikishayeyuka ni tulivu kuliko mafuta: haichemki ikiguswa na chuma chekundu, haijengi utando wa mvuke, ndiyo maana kazi inapoa sawasawa na gia haipindi. Ila tone la maji likizama humo linageuka mvuke wa ujazo takriban mara 1,600, na chumvi iliyo juu yake lazima ihame. Itahamia usoni kwako. Kazi ikaushwe kwenye oveni, tundu likitazama chini. Kitambaa ni cha kufutia meza.

2. Kuganda. Hapa nitakaa, kwa sababu mwenye makosa ni mimi.

Nilikuwa mgeni, nikaachiwa kufunga kazi ya Jumamosi. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu: kabla ya kuzima hita, simamisha nondo iliyochongwa kabari katikati ya tangi mpaka iguse chini, chumvi igande nayo. Jumatatu unaichomoa, inabaki njia ya kupumulia. Sasa nondo ile ni nzito, ilikuwa imelazwa nyuma ya mapipa, na mimi nilikuwa nawahi daladala. Nikajisemea, chumvi ni chumvi, itayeyuka tu.

Jumatatu fundi mkuu anataka springi kabla ya saa sita. Nikawasha hita zote za chini kwa mkupuo. Themokapo, yaani waya wa kupimia joto, iliyokuwa chini pembeni ikapanda vizuri, nami nikafurahi, hata nikapiga mluzi. Juu bado kulikuwa kweupe na kugumu kama sakafu. Nilichokuwa nimekisoma darasani na kukisahau ni kwamba nitrati ya sodiamu ikiyeyuka huvimba kwa karibu asilimia 10. Chini kunavimba, juu kuna ganda, pembeni kuna chuma. Ukatokea ufa mwembamba katikati, nao ukaanza kutoa jasho. Badala ya kukimbia, nikainama kuuangalia.

Fundi mkuu alinishika kola kwa nyuma akanivuta bila kusema neno. Chumvi ikaruka kwa mkondo mwembamba ikapiga bati la paa, kisha ikaturudia matone matone. Yangu yalitoboa ovaroli tu. Lake moja liliingia kati ya glavu na mkono wa koti, na kovu analo mpaka leo. Hakunifokea. Baada ya kufungwa bendeji aliniagiza nikachukue ile nondo nyuma ya mapipa nisimame nayo mpaka zamu iishe. Nikasimama nayo. Watu wa uchomeleaji walikuja kunisalimia mmoja mmoja, eti shikamoo askari.

Kwa hiyo: nondo, kisha hita kwa kiwango cha chini, na usisogee mpaka uso wote umelegea.

Watu wa Oak Ridge, maabara ya nyuklia kule Marekani, waliupa mgando huuhuu kazi ya kufanya. Kinu chao cha majaribio cha chumvi iliyoyeyuka, kilichofanya kazi 1965 hadi 1969, kilikuwa na bomba la kumwagia chini lililozibwa kwa chumvi ileile iliyogandishwa na upepo wa feni. Feni ikizima, kizibo kinayeyuka, na chumvi yote yenye urani inashuka yenyewe kwenye matangi ya akiba.

3. Themokapo ziwe mbili, ya pili ya kukata umeme joto likizidi. Mashapo yachotwe kila wiki, maana themokapo ikizama humo inakudanganya.

4. Anayeota kazi ya mitambo ya umeme wa jua, kama Gemasolar kule Hispania inayohifadhi joto la kuzalisha umeme kwa muda wa saa 15, atakutana na nitrati hizihizi, sodiamu 60 kwa potasiamu 40, kati ya nyuzi 290 na 565. Kule mirija yote imevishwa hita. Hofu ni ileile, kuganda, ila kwenye mirija hakuna pa kusimamisha nondo.

5. Nitrati na sianidi hazikutani, hata kwenye koleo la kuchotea. Hulipuka. Vipande vya magnesi navyo visikaribie.

6. Wenye hamu ya vinu, najua mnaruka moja kwa moja mpaka hapa. Sawa. Chumvi ya vinu hivyo, ya floridi za lithiamu na beriliamu, huyeyuka nyuzi 459 na kuchemka karibu 1,430, kwa hiyo kinu hakihitaji chombo kinene cha kuzuia mgandamizo kama vinu vya maji. Ila chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando wa oksidi ya kromiamu, na kwenye floridi utando huo hausimami. Chumvi inatafuna kromiamu kwanza. Oak Ridge ilibidi watengeneze aloi yao ya nikeli yenye kromiamu kidogo. Na unyevu ukiingia humo, unapata asidi ya floridi na kutu juu yake. Maji tena! Hata mliopata kazi kwenye alumini kule Sohar, Oman, mtaambiwa vivyo hivyo: krioliti, chumvi inayoyeyushia madini ya alumini, iko karibu nyuzi 960, na chombo hakichovywi kabla ya kupashwa moto kikakauka.

7. Magunia ya nitrati yakae juu ya ubao, mbali na mafuta, vumbi la mbao na chakula. Sukari na nitrati ya potasiamu ndiyo fueli ya roketi za kujitengenezea nyumbani, kwa hiyo mwenye ile chupa ya soda juu ya gunia la tatu, aje aichukue kabla sijajua ni ya nani.