Kuchagua baindingi za snoubodi: anza na buti, namba ya ugumu baadae

Mkuu kwa nilivyokuelewa mabuti yako ni saizi 28 na yana ugumu wa kati, ubao wako wa kutelezea kwenye theluji ni ule wa kufanyia kila kitu, muda mwingi unateleza kwenye njia zilizosawazishwa na mashine ila msimu ujao unataka uanze kuingia paki (eneo lililojengewa miruko ya kuchezea), na kuna jamaa kakwambia uchukue baindingi (vile vishikio vinavyofunga buti kwenye ubao) ngumu kabisa, namba 8 kwenda juu kati ya 10, manake "ndo za watu wanaojua". Unauliza kama ni kweli na kama uchukue M au L. Nimeshapitia baindingi za kila aina, zangu na za kuazima, na wenzangu huwa wananiletea mimi niwafungie, kwa hiyo ntajibu kwa yale niliyoyaona kwa macho na miguu yangu.

La jamaa yako hapana. Angalia nguvu inavyopita: inatoka mguuni, inaingia kwenye buti, buti linasukuma baindingi, baindingi ndo inaupindua ubao uende kwenye ukingo. Sasa ukiweka buti la kati ndani ya baindingi ya namba 9, siku unaegemea kisigino ile haibeki (bamba la nyuma linalopanda kwenye muundi) haikubali kupinda hata kidogo, so kinachopinda ni buti, mkanda wa kifundo unalikandamiza pale juu ya mguu na wewe unazidi kukaza ukidhani hujakaza vizuri. Niliwahi kuazimwa seti ya hivyo, asubuhi safi kabisa, ilipofika mchana nilikuwa nafungua mikanda kila nikikaa kwenye lifti ya viti manake mguu umekufa ganzi. Na buti lenyewe lilishaanza kufanya mkunjo pale mkanda unapopita. Ni mlango wa chuma kwenye fremu ya mbao mbovu, uimara wote hauendi popote. Kinyume chake, yaani buti gumu na baindingi laini, hicho unaweza kuishi nacho, kifundo kinashikwa na buti, baindingi inalegeza tu ule mwitikio unakuwa wa polepole. Kwahiyo kwa buti lako la kati tafuta baindingi ya 4 mpaka 6 na ukiwa na wasiwasi shuka badala ya kupanda, haswa kwa vile unataka paki.

Halafu hizo namba usiziabudu. Hakuna kipimo cha pamoja, kila kampuni inajipangia yenyewe kutoka 1 mpaka 10, 5 ya huyu unaweza kuikuta ni 7 ya yule. Ishike haibeki juu kabisa, ivute nyuma kisha isokote kushoto na kulia. Ikisokoteka upande kirahisi lakini nyuma imegoma, hiyo itakufaa paki na bado itakupa nguvu ya ukingo wa kisigino. Ikigoma pande zote ni ya watu wa kasi. Alafu watu wanasahau bamba la chini, unaweza kukuta haibeki laini juu ya bamba la nailoni lililochanganywa na kaboni, ukivaa unashangaa mbona gumu hivi na karatasi inasema 4.

Sasa saizi, hapa ndo nataka tukae kidogo manake hapa ndo watu wengi wanapigwa. 28 yako ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa namba za Marekani inaangukia 10 ya kiume, na 10 ndo namba iliyokaa kwenye mpaka kabisa. Kuna kampuni M yake inaenda mpaka 11 na L yake inaanzia 10, yaani zote mbili kwenye karatasi zinakukubali, nyingine M inaishia 10 hapohapo. Ndo maana kila unayemuuliza anakujibu tofauti na wote wako sahihi kivyao. Kitu kinachoamua ni buti lako kwa nje, namba iliyoandikwa ndani haiingii kwenye baindingi, kinachoingia ni soli. Mabuti ya siku hizi mengi yamepunguzwa umbo la nje, 28 ya leo inaweza kuwa fupi kwa nje kuliko 27 ya zamani, na kuna mengine bado yana soli kubwa kama ya kupandia mlima. Kwa hiyo nenda na buti lako, tena lenyewe hilohilo, sio la rafiki mwenye namba sawa na yako.

Ukishaliingiza, kaza mikanda kama unataka kuteleza kweli. Kisigino kiingie mpaka kiguse ule upinde wa nyuma, pasibaki upenyo kati ya buti na haibeki. Kisha lishike buti kwa juu ulitikise kushoto kulia, kama soli inahama kwenye bamba basi baindingi ni kubwa, shuka saizi. Kama unalazimika kulisukuma kwa nguvu liingie, au upinde wa kisigino unalibana pembeni mpaka linanyanyuka, ni ndogo. Angalia na ulimi wa meno wa mkanda wa kifundo: ukishakaza, sponji ya mkanda ikae katikati juu ya buti, isivutwe upande mmoja, na yabaki meno ya akiba. Ukiona umefika jino la mwisho na buti bado linacheza usikubali kuambiwa "itakaa tu ukizoea". Mara nyingi kuna tundu la kusogeza mkanda upande wa pili, muuzaji mvivu hatakuonyesha, ulizia.

Kingine cha L ambacho watu hawakifikirii ni upana wa ubao. Bamba la L ni refu, ukilifunga kwenye ubao mwembamba linachungulia nje ya kingo na ukilala kwenye kona linagusa theluji kabla ya ukingo, unadondoka bila kujua kilichokudondosha. Buti lenyewe kutokeza kidogo mbele na nyuma ni sawa na ni vizuri, sentimita moja mpaka mbili kila upande hazina shida. Cha muhimu itokeze sawasawa mbele na nyuma, ikizidi upande wa vidole utapata ukingo wa vidole wenye nguvu na wa kisigino mvivu. Baindingi nyingi upinde wa kisigino unasogezeka kwa ajili hiyo, usiposogea basi ile diski ya katikati (sahani ya duara inayopitisha skrubu za kuifunga baindingi kwenye ubao) igeuze robo mzunguko, mifereji yake itazame kutoka ukingo hadi ukingo, hapo unapata nafasi ya kusogeza mbele au nyuma. Ila ukiigeuza hivyo unakosa ile ya kusogeza miguu ipanuke au ikaribiane kidogokidogo, itabidi utumie mashimo ya ubao. Ile pedali ya mbele chini ya vidole nayo ivute mpaka ifike pale soli inapoanza kupinda juu, isipite hapo.

Kabla hujalipa geuza ubao uangalie mashimo. Kama ni ya 4x4 au 4x2 (sentimita kati ya shimo na shimo, hiyo 2 ni kwa kufuata urefu wa ubao) karibu diski zote zinakubali. Mbao za Burton zina mfereji mmoja mrefu katikati unaitwa The Channel, baindingi nyingi zinafungika pale ila hakikisha una diski yake na skrubu zake. Wana pia baindingi za EST ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya mfereji huo tu, hazina diski kabisa, ukizinunua na ubao wako ni wa mashimo umekwama.

Kuhusu staili. Paki unataka kitu kinachosamehe, ukitua vibaya au ukitaka kushika ubao hewani mguu unasokoteka kidogo bila kukuadhibu, na sponji nene chini ya kisigino inasaidia sana kwenye kutua. Wanaokata kona za kulala kabisa kwenye njia ngumu yenye barafu, au wanaoshuka miteremko mikali nje ya njia, hao ndo wanahitaji 7 na kuendelea, na mabuti yao yanalingana. Wewe uko katikati kwa hiyo chukua ya katikati, basi. Unataka kubadilisha tabia yake? Kuna kitasa cha kulaza haibeki mbele, kwenye kona za kasi ilaze zaidi utaona ukingo wa kisigino unaitika haraka, ukienda paki irudishe isimame wima. Na haibeki ukiweza izungushe ilingane na ukingo wa ubao. Watu wachache wanajua kwamba inazungushwa, na kwa aliyefunga miguu kwa pembe kubwa ina maana sana. Pembe zenyewe (nyuzi ambazo mguu umeelekezwa pua ya ubao, hasi ni kuelekea mkia) anza mguu wa mbele 15 wa nyuma hasi 6 hivi, ukizoea kuteleza kinyume sogeza nyuma mpaka hasi 12 au 15. Wa kona za kulala wengi wanaelekeza miguu yote mbele, mfano 30 na 15, lakini hiyo kwenye paki itakusumbua. Goti likilalamika badilisha pembe kabla hujalaumu baindingi.

Mtu kagusia zile za kubonyeza bila mikanda. Step On ya Burton, iliyotoka 2017, inashika sehemu tatu, moja kisiginoni na mbili pembeni mwa vidole, na inafanya kazi kweli, asikudanganye mtu. Ila lazima uwe na mabuti yake, yanatengenezwa na kampuni kadhaa kwa leseni lakini mabuti yako ya sasa hayaingii, so kwako ni kununua vyote viwili, na buti hilo lazima likushike kisigino vizuri manake hakuna mkanda wa kulisaidia. Theluji ikiganda chini ya soli itabidi uikwangue kwanza ndo ibonyee. Supermatic ya Nidecker inapokea buti la kawaida, unaingizia nyuma na mikanda unaiacha ilivyo, nzito kidogo lakini kwa mtu anayechoka kukaa chini kila akishuka kwenye lifti ni kitu cha kukiangalia. Mimi bado ni mtu wa mikanda miwili, nataka wa vidole nikaze vile na wa kifundo nilegeze kidogo, hiyo kwenye za kubonyeza huipati.

Mkanda wa vidole uvae kwenye ncha ya buti, uvute buti nyuma likae kwenye kisigino, ukiona unateleza kupanda juu au kudondoka jua umbo la ncha ya buti lako haliendani na mkanda ule, jaribu kampuni nyingine, usiforce. Na ulizia vipuri, siongelei sana hili lakini kinachokufa kwanza ni ulimi wa meno na racheti yake (kile kidude kinachouvuta na kuushika), kampuni inayouza hivyo vidude kimojakimoja ni bora kuliko yenye rangi nzuri. Weka mfukoni bisibisi ya nyota namba 3, ile namba 2 ya nyumbani itakula vichwa vya skrubu, na ukishateleza mara mbili tatu za mwanzo kaza tena skrubu zote za diski, huwa zinalegea zenyewe zikiwa mpya.

Hukusema ubao wako una mashimo gani wala upana wake wa kiunoni, pale katikati palipo pembamba zaidi, ni milimita ngapi (uko kwenye maelezo ya ubao, mara nyingi umeandikwa juu yake au kwenye tovuti yao), na mabuti ni ya kampuni gani na mwaka gani. Tupia hapa hivyo vitatu, na picha moja ya soli umeweka rula pembeni, ndo ntakwambia M au L bila kubahatisha.