Kupanga mafuta na mahali pa kutua kati ya Dar es Salaam na Mtwara

Kwa wenzangu mnaoanza kurusha ndege ndogo za injini moja kwenye pwani ya kusini, naanza na hesabu ambayo mimi mwenyewe niliikosea. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takribani kilomita 400 za angani, na kwa Cessna 172 inayokwenda noti 110 (maili 110 za baharini kwa saa), safari ni kama saa mbili. Lakini upepo wa kusi ukivuma usoni kwa noti 20, safari hiyo inakaribia saa mbili na dakika 25, na injini inayotumia lita 35 kwa saa itakuwa imekula lita 15 ambazo hazikupangwa.

Julai mmoja nilipita Kilwa Masoko nimechelewa dakika 14, nikaendelea kwa sababu geji za mafuta zilinipa moyo. Nilipopata wasiwasi nikatua Lindi, nikapanda juu ya bawa na kutumbukiza kijiti cha kupimia, nacho kikatoka kimelowa ncha tu, urefu usiozidi wa kidole. Tangu siku hiyo geji naziangalia, ila siziamini. Napima kwa kijiti cha ndege ileile, ikiwa imesimama mahali tambarare, kisha nageuza lita kuwa dakika na kuandika saa ambayo ni lazima niwe chini. Akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku ndiyo kiwango cha chini. Mimi hubaki na saa nzima, kwa kuwa huku kusini viwanja viko mbalimbali.

Angalieni pia vipimo. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Kanada iliishiwa mafuta angani baada ya ratili kuchanganywa na kilo, ikalazimika kutua Gimli bila injini hata moja.

Injini ikizima, jambo la kwanza ni mwendo: kwa 172S, toleo mojawapo la Cessna 172, ni noti 68, na kila futi 1,000 za kimo hukupa takribani kilomita 2.8 kusipokuwa na upepo. Chagueni mahali pa kutua kwanza, ndipo mtafute sababu. Wanaorusha Piper, ndege ndogo za kampuni nyingine, zenye swichi ya tangi la kushoto na la kulia wabadilishe tangi mara moja, maana injini huweza kuzimika huku tangi la pili limejaa.

Mashamba ya mikorosho huonekana kutoka juu kama zulia lenye njia zilizonyooka. Msidanganyike: miti hupandwa kwa nafasi ya kama mita 12, bawa la 172 lina mita 11, na matawi ya miti iliyokomaa hukutana katikati. Mimi hupendelea ufuko wakati wa maji kupwa, kwenye mchanga mbichi ulioachwa na maji karibuni, kwani ule mkavu wa juu hunasa gurudumu la mbele na kuibinua ndege. Kwa hiyo saa za kupwa na kujaa naziandika kando ya hali ya hewa, na siku za bamvua nakumbuka kwamba ufuko huwa na watu wanaochokoa pweza.

Mkikaribia kugusa ardhi, fungeni mafuta, zimeni umeme na mlegeze komeo za milango, kwa sababu fremu ikijikunja mlango haufunguki tena.