Titani ya beta: ikunje kwanza, uikomaze mwisho

Springi yangu ya kwanza ya titani ya beta ilikatika mkononi kama kijiti kikavu. Waya ulikuwa mzima na nilikuwa nimeuviringa vizuri. Kosa lilikuwa tanurini: niliukomaza, yaani niliupasha joto kwa muda mrefu ili upate nguvu, kwa nyuzijoto 350 za Selsiasi, nikiamini joto dogo ni salama zaidi. Kumbe katika joto hilo aloi nyingi za beta huzaa chembe ndogo mno za omega, yaani zenye mpangilio mwingine wa atomu. Ugumu unapanda, lakini chuma hakipindi tena, kinavunjika tu.

Titani safi hubadili mpangilio wa atomu zake kwenye nyuzi 882: chini ya hapo ni alfa, juu yake ni beta. Ukiichanganya na vanadi, molibdeni au kromi ya kutosha kisha ukaipoza haraka, ile beta hubaki hata chuma kikishapoa kabisa. Wakati huo huwa laini kiasi cha kukubali kukunjwa bila kupashwa moto. Maliza kukunja na kuviringa hapo hapo. Kunja kupita kidogo pembe unayoitaka, maana itarudi nyuma kuliko feleji.

Ndipo uikomaze. Kwa Ti-15V-3Cr-3Sn-3Al (titani yenye asilimia 15 ya vanadi, na asilimia 3 kila moja ya kromi, bati na alumini) mimi hutumia nyuzi 480 hadi 540, saa 8 au zaidi. Chembe za alfa hujitokeza ndani ya beta na nguvu hupita megapaskali 1,000. Fanya kazi hii ndani ya ombwe au gesi ya argoni. Titani yenye moto hunyonya oksijeni na kuota gamba gumu ambalo nyufa huanzia humo. Likishaota, liondoe lote.

Huko kurudi nyuma kunakomsumbua mkunjaji ndiko kunakohitajiwa na springi. Waya za kunyoosha meno za Ti-11.5Mo-6Zr-4.5Sn hutumika kwa sababu hiyo hiyo: zinasukuma jino taratibu. Ti-10V-2Fe-3Al nayo imo kwenye miguu ya magurudumu ya Boeing 777, ambako inayotafutwa ni nguvu kwa uzito mdogo.

Ukiikereza, tumia kisu kikali, mwendo wa polepole na kipoozeo kingi. Mabaki membamba yanashika moto, na moto huo usiumwagie maji. Tumia mchanga mkavu.

Siku hizi kipande cha ziada cha waya ule ule hutangulia tanurini. Kikitoka nakipinda kwa koleo, na kikikubali ndipo springi zinaingia.